Mvua Iliyopita Kiasi na Mafunzo Yake kwa Watu wa Pwani

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, azitumaye pepo zikayasukuma mawingu, akaihuisha kwa maji ardhi iliyokwisha kufa. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba wake, na kila awafuataye kwa wema. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, tangu mvua za vuli za mwaka 2023, na za masika ya mwaka 2024 zilizofuatia, tumeulizwa masuala mengi katika darsa zetu. Wako waliouliza kama mvua ile ilikuwa ni rehema au adhabu. Wako waliosema kuwa hayo ni mambo ya El Niño, na dini haina neno hapo. Wako waliotaka ng'ombe azungushwe mji. Na wako waliotaka kujua hukumu ya sala zao na maji ya visima vyao. Tumeona ni bora kuyakusanya masuala haya mahali pamoja na kuyajibu moja moja, kwa kadiri ya tulivyosoma kwa masheikh zetu na tulivyofahamu, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuongoza.

Yaliyotupata

Kwanza na tukumbuke hali tuliyotoka nayo. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Huko Tana River, na bara ya Kilifi na Kwale, watu waliwaona wanyama wao wakianguka mmoja mmoja, na wanawake wakatembea mwendo wa mchana kutafuta ndoo ya maji. Mambo yakafika hadi tarehe 14 Februari 2023 ikafanywa kuwa siku ya nchi nzima ya kuomba mvua, na misikitini kwetu watu wakanyanyua mikono.

Haukupita mwaka, maji yakaja, na yakaja kwa wingi wasioutaka wenyewe waliokuwa wakiomba. Novemba 2023 njia ya Mombasa na Malindi ilikatika penye daraja la Mbogolo. Njia ya Garsen kwenda Lamu nayo ikafunikwa na maji, hata wasafiri wakalala njiani. Mto Tana ukatoka katika kingo zake, ukaingia mashambani na vijijini. Katika nchi yote watu zaidi ya 100 walikufa katika vuli ile. Na kabla watu hawajakausha magodoro, masika ya 2024 yakaleta mafuriko mengine yaliyoua zaidi ya watu 200. Mwanzo wa Mei 2024 ikatujia khabari ya tufani iitwayo Hidaya, iliyofika karibu na kisiwa cha Mafia huko Tanzania, na huku kwetu wavuvi wakaambiwa wasitoke.

Basi aliyeomba mvua Februari akalia kwa mvua Novemba. Hapa pana funzo kabla ya masuala yenyewe: binadamu ni dhaifu, hakiwezi kiu na hayawezi mafuriko, na baina ya viwili hivyo maisha yake yote yako mkononi mwa Mola wake.

Suala la kwanza: Kusema mvua imeletwa na El Niño, je, ni kufuru?

Anayeuliza hivi ameisikia hadithi ya Zaid bin Khalid al-Juhani, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mvua iliyonyesha usiku pale Hudaibiya. Asubuhi yake Mtume (s.a.w.) aliwafahamisha masahaba kuwa mwenye kuinasibisha mvua ile na fadhila za Mwenyezi Mungu amemwamini Yeye, na mwenye kuinasibisha na nyota fulani amemkufuru Yeye na kuiamini nyota.

Jawabu letu ni kuwa yategemea msemaji anakusudia nini. Waarabu wa zama za ujinga waliitakidi kuwa nyota yenyewe ndiyo inayoteremsha mvua. Itikadi hiyo ndiyo iliyokatazwa. Ama kuitaja sababu, na hali moyo unajua kuwa sababu nayo ina Muumba wake, hakuna ubaya. Qurani yenyewe imezitaja pepo kuwa ndizo zinazoyasukuma mawingu, na wala hakuna aliyesema kuwa kutaja upepo ni kufuru.

Basi na tuifahamu sababu hiyo, kwani mtu huwa adui wa asichokijua. El Niño ni jina lililotolewa na wavuvi wa Peru, watu wa pwani kama sisi. Waliona kuwa katika baadhi ya miaka, wakati wa Krismasi, maji ya bahari yao huwa na joto lisilo la kawaida na samaki wakaadimika, wakaipa hali hiyo jina la Nabii Isa alipokuwa mtoto. Joto hilo la bahari ya Pasifiki hugeuza mwendo wa pepo za dunia nzima.

Lakini lililo karibu zaidi nasi ni hali ya bahari yetu wenyewe, Bahari ya Hindi, ambayo wataalamu waliieleza vyema mwaka 1999. Katika baadhi ya miaka upande huu wa Afrika maji huzidi joto, na upande wa Indonesia yakapoa. Hapo mvuke mwingi hupanda upande wetu, na vuli ikawa kubwa kuliko desturi. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1961 kwa mafuriko ya mto Tana. Mwaka ule Pasifiki haikuwa na El Niño. Ilikuwa ni bahari yetu hii. Mwaka 1997 mambo yote mawili yalikutana, na vivyo hivyo mwaka 2023. Na juu ya hayo dunia imezidi joto kwa moshi wa viwanda na vyombo vya moto, na hewa kila izidipo daraja moja ya sentigredi huweza kuchukua mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hewa iliyobeba zaidi, ikimwaga, humwaga zaidi.

Mwenye kuyajua haya akasema "Subhanallah" amezidi imani kwa elimu yake. Na mwenye kuyajua akasema "basi hakuna Mungu" amesoma barua akamkanusha mwandishi.

Suala la pili: Kusikiliza utabiri wa hali ya hewa, je, ni kuamini watabiri wa ghaibu?

La, si hivyo. Ni kweli kuwa katika mwisho wa Suratu Luqman kuteremsha mvua kumetajwa pamoja na mambo ambayo ujuzi wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini mtu wa hali ya hewa hadai ghaibu. Anaangalia dalili zilizokwisha dhihiri, akakisia yatakayofuata, kama alivyokuwa akifanya nahodha wa jahazi alipotazama wingu, rangi ya maji na mwelekeo wa upepo. Wazee wetu walihesabu siku za mwaka wa jua tangu Nairuzi, kumi kumi, na kila kumi wakaiita mwongo. Wakajua ni mwongo gani kusi huingia na ni mwongo gani bahari hufungwa. Hesabu ile ilikuwa ni elimu, na mashekhe hawakuikataza. Walilokataza ni yale ya mizimu na mikoba yaliyoambatanishwa nayo.

Na kuwa utabiri ni dhana na si ujuzi wa ghaibu, tuliona kwa macho yetu. Oktoba 2023 tulitangaziwa na serikali kuwa mvua hazitakuwa na ukali uliohofiwa. Wengi wakastarehe, wakaacha kuezua na kuezeka, wakaacha kuzibua mitaro. Novemba maji yakawakuta vitandani. Basi dhana hutumiwa kwa tahadhari. Haiabudiwi, wala haipuuzwi.

Mvuvi mmoja alituuliza Mei 2024: kukaa nchi kavu kwa neno la redio, si kupungukiwa na tawakali? Tukamjibu kwa hadithi ya bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) amwache ngamia wake huru akategemea, naye akaamrishwa amfunge kisha ategemee. Kuuvuta mtumbwi juu ya mchanga siku ya tufani ni kumfunga ngamia. Tawakali ni baada ya hapo. Ama wale waliotafuta fali katika jina la Hidaya, wengine wakalifurahia na wengine wakalikimbia, wajue kuwa majina ya tufani za bahari hii hupangwa mapema kwa orodha na nchi zilizo kando yake. Jina halikuleta upepo wala halikuuzuia.

Suala la tatu: Mafuriko yale yalikuwa ni adhabu?

Hili ndilo lililoleta ugomvi mkubwa. Tumewasikia watu, na baadhi yao wako juu ya mimbari, wakisema kuwa mtaa fulani umezama kwa maasi ya watu wake. Sisi twasema: msemaji huyo amepata wapi khabari hiyo?

Kumkhofu Mwenyezi Mungu wakati wa upepo na mawingu ni sunna. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiliona wingu zito hubadilika uso, akaingia na kutoka, mpaka mvua inyeshe ndipo utulivu umrudie, kwani aliwakumbuka watu wa Aad, ambao kama ilivyoelezwa katika Suratul Ahqaf waliliona wingu wakadhani ni la mvua, na kumbe ni adhabu. Lakini angalia: Mtume (s.a.w.) alikhofu juu ya nafsi yake na watu wake. Hakunyoosha kidole kwa jirani.

Na tena ametufahamisha kuwa Muislamu afaye kwa kuzama ni shahidi, na afaye kwa kuangukiwa na nyumba ni shahidi. Basi vipi ulimi wa Muislamu utamwita mlaaniwa yule ambaye Mtume wake amemwita shahidi? Maji hayachagui waasi; maji huteremka bondeni. Wakaao bondeni ni masikini, kwa kuwa kilimani kodi ni ghali. Mwenye nyumba kilimani asiidhanie miguu yake mikavu kuwa ni cheti cha uchamngu.

Na siku Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Naye, pamoja na huzuni yake, akawakatalia, akawafunza kuwa jua na mwezi ni katika alama za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ikiwa kwa msiba wa nyumba ya Mtume haikufaa kusemwa, itafaa vipi kwa mtaa wa jirani yako usiyempenda?

Suala la nne: Kuzungusha ng'ombe na kutoa kafara

Sadaka huondoa balaa. Hilo halina shaka. Mchinje ng'ombe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, nyama muwagawie waliopotelewa na unga na sufuria zao, na hiyo ni ibada njema. Ama kumzungusha mji kwa kuitakidi kuwa mzunguko ule hufunga njia za balaa, na kumwaga marashi baharini au kupeleka vyetezo pangoni kuwaridhisha wenyewe wa mahali, hayo hayana asili katika dini yetu, na mengine ni ushirikina ulio wazi.

Sunna ya jambo hili iko na imethibiti. Mtu mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa, na Mtume (s.a.w.) akikhutubu, akamlalamikia ukame. Mtume akanyanyua mikono akaomba, na mbingu haikuwa na wingu. Ikanyesha hadi Ijumaa ya pili. Akaja mtu tena akalalamika kuwa mali zinaangamia na njia zimekatika. Hapo Mtume (s.a.w.) hakuomba mvua ikatwe. Aliomba iwe pembezoni mwao na isiwe juu yao, iwe vilimani na mabondeni na penye miti. Tazama adabu hii! Neema haikataliwi, huombwa iwekwe mahali pake. Basi dua hii na isomwe katika misikiti yetu kila mvua ipitapo kiasi.

Suala la tano: Na mikono yetu je?

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratur Rum, aya ya 41, kuwa uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa yaliyochumwa na mikono ya watu, ili wayaonje baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Na hapa hatuna budi kusema ukweli juu ya nafsi zetu, kwani mwenye kuwakataza wengine na yeye ni mtenda hana hoja.

Siku moja ya Novemba 2023 tulikuwa katika darsa, baina ya Magharibi na Isha, na tulikuwa tukisoma mlango wa maji katika kitabu cha tahara. Mvua ilikuwa kubwa. Nyuma ya msikiti wetu pana mtaro, na baada ya mtaro pana nyumba ya mama mmoja mtu mzima, aliyefiwa na mumewe. Mlango ukagongwa. Alikuwa ni yeye, kanga zimemganda mwilini, akasema, "Wanangu, maji haya yaliyomo ndani mwangu yametoka kwenu."

Tukatoka na taa. Mtaro ulikuwa umezibwa kabisa, na maji yakapata njia katika ukuta wake. Usiku ule tuliingia kwa majembe na mikono, na kufika alfajiri tulikuwa tumejaza magunia 11. Na mlikuwa na nini? Chupa za maji tulizogawa sisi wenyewe katika futari ya Ramadhani, na visahani vya plastiki vya karamu zetu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, sisi tukaona tumemaliza wajibu, na chupa tukazitupa nyuma ya nyumba ya Mwenyezi Mungu. Unga wa yule mama uliharibika, na godoro lake, na picha ya marehemu mumewe. Na la aibu zaidi ni kuwa hatukwenda kumtaka radhi mpaka siku ya tatu. Tulikuwa tukijua maji yanagawanyika mafungu mangapi, na hatukujua yanapita wapi.

Mtume (s.a.w.) ametupigia mfano wa watu waliopanda jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini walipotaka maji ilikuwa lazima wawapitie wa juu, wakaona watoboe sehemu yao wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Mombasa ni kisiwa, ndugu zangu. Jahazi gani iliyo wazi kuliko hii? Ajengaye juu ya mkondo wa maji anatoboa. Atupaye taka mtaroni anatoboa. Akataye mikoko anatoboa, kwani mikoko ni ukuta wa pwani na malezi ya samaki. Hata alimaye kilimani bila kinga anatoboa: mvua za 1997 na 1998 ziliteremsha mchanga mwingi ukaifukia na kuiua mikoko katika hori ya Mwache. Na sisi tunaotazama tukanyamaza ndio wale wa juu ya jahazi.

Kuondoa chenye udhi njiani ni tawi la imani. Mtaro nao ni njia, ni njia ya maji.

Masuala ya ibada kwa mukhtasari

1. Kukusanya sala: katika madhehebu yetu ya Shafii yafaa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, katika wakati wa ile ya kwanza, kwa mwenye kusali jamaa msikitini na mvua ikamtaabisha njiani kwa kulowesha nguo. Sharti mvua iwepo wakati wa kuanza sala ya kwanza, na wakati wa kuitolea salamu na kuingia katika ya pili. Asaliye nyumbani hakusanyi.

2. Mvua kubwa ni udhuru wa kuacha jamaa na Ijumaa. Asiyekwenda Ijumaa atasali Adhuhuri. Ibn Abbas (r.a.) siku ya mvua alimwamrisha mwadhini awaambie watu wasali majumbani mwao, na walipostaajabu akawaambia kuwa aliye bora kuliko yeye alifanya hivyo.

3. Tope la njiani linalorukia nguo husamehewa kwa kadiri isiyoepukika, maadamu najisi yenyewe haionekani.

4. Kisima kilichoingiliwa na maji machafu: maji yakifika qullatain, nayo ni takriban lita 200, hayanajisiki illa yakibadilika rangi, ladha au harufu. Lakini tahadhari! Maji kuwa tahiri si sawa na kuwa salama kunywa. Visima vyetu vingi viko karibu na vyoo vya shimo, na kipindupindu kilirudi nchini Oktoba 2022. Utawadhie ukitaka, lakini usiyanywe wala usimpe mtoto mpaka uyachemshe au uyatie dawa. Kuilinda nafsi nako ni wajibu wa kisharia.

5. Wafanyabiashara waliozuia vyakula njia zilipokatika, wakangojea bei ipande, wajue kuwa Mtume (s.a.w.) amemhukumu mwenye kuhodhi kuwa ni mkosa. Faida ya siku saba hailingani na dua ya aliyelala njaa.

Khatima

Sisi katika halaka yetu tumekubaliana mambo matatu, nasi tunayaeleza ili mtuulize mwakani kama tumeyatimiza. Futari zetu hazitagawiwa tena kwa chupa na visahani vya kutupa. Tumerudi kwenye mitungi na sinia. Mtaro wa nyuma ya msikiti utazibuliwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi kabla ya masika na mwezi wa Septemba kabla ya vuli, na wanafunzi wa darsa ndio watakaoanza, na mwalimu wao mbele yao. Na ukuta wa yule mama umejengwa upya kwa mchango wetu. Hiyo haikuwa sadaka, ilikuwa ni deni.

Kila msikiti wa mji huu una mtaro nyuma yake. Ndugu msomaji, kabla hujauliza mvua ijayo itakuwa rehema au adhabu, zunguka nyuma ya msikiti wako ukatazame.

Ewe Mola wetu, tunyweshee mvua yenye manufaa isiyodhuru. Uwarehemu waliozama, uwape badali waliopotelewa, na utujaalie kuwa katika wanaorejea. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.